Natafuta Picha ya Uso wa Ekisa

Bado haijaniingia kwamba Ekisa wetu wa studio hapa Malaba ameenda. Aliugua wiki moja tu. Jumamosi tunamzika kwao Kocholia, na leo saa kumi jioni programme ya mazishi inaenda kwa printer ikiwa haina picha yake.

Ndiyo, mmesoma vizuri. Mtu aliyepiga passport za nusu ya Malaba hana picha. Iko ya kitambulisho, lakini mamake ameikataa. Anasema huyo ni mtoto wa shule, si Ekisa.

Mimi ni Bwire, partner wake miaka sita. Mnaotufuata mnajua page yetu ya wadudu. Passport na harusi zilikuwa kazi. Wadudu ndio walikuwa raha yetu.

Alianza yeye. Alivuka upande wa Uganda akarudi na extension tubes, vipete vitatu vya plastiki vya kufunga kati ya kamera na lenzi ili ione vitu vidogo kwa karibu sana. Nikachungulia ndani, hakuna hata kioo. Nikamwambia, "Umeuziwa hewa." Akacheka mpaka mteja aliyekuwa amevaa koti letu la kuazima wateja wa passport akacheka pia.

Siku ya kwanza nilizungusha focus ring ya lenzi mpaka vidole vikauma. Kila kitu ukungu.

"Wacha ring, boss," akaniambia. "Sogea wewe."

Unachuchumaa, viwiko juu ya magoti, unaenda mbele na kurudi nyuma polepole. Jicho la mdudu likikaa sawa, unabonyeza. Ukipumua tu, limepotea.

Na upepo nao unatikisa kila jani. Kwa hivyo tulienda wawili: mmoja anapiga, mwingine anashika shina kwa vidole viwili litulie. Mimi ndiye nilikuwa napiga. Yeye alikuwa na mkono mtulivu kuliko wangu.

"Piga sasa, kabla hajaona sura yangu akatoroka," alikuwa ananong'ona.

Mwezi jana tulikuwa kwa mtama wa mamake. Tulipomaliza akasimama, akapangusa magoti, akasema, "Boss, nipige moja. Mama anataka ya kuweka ukutani."

Nikainua kamera, tubes bado ziko. Mtu akisimama hatua tatu tu ni kivuli. Hizo tubes hazioni mbali hata ufanye nini. Kuzitoa ni kufungua kamera, na vumbi lilikuwa linapeperuka. Nikamwambia, "Vumbi litaingia ndani ya kamera. Tutapiga studio Jumatatu."

Simu ilikuwa mfukoni. Lakini sisi watu wa kamera tuna kiburi chetu, kupigana picha kwa simu tuliona ni aibu.

Jumatatu ikaja na wateja wake. Iliyofuata pia. Ekisa hakunikumbusha, na hiyo ndiyo inaniuma zaidi.

Jana nilienda peke yangu kwa mihogo nyuma ya studio. Nikampata panzi mmoja ametulia kabisa. Nikishika shina, kamera inanilemea. Nikishika kamera, shina linacheza. Nikakaa pale chini nikingoja, sijui nilikuwa nangoja nani.

Asubuhi hii mamake amekuja. Nikamfungulia folder ya originals, nikamwambia pole mama, humu ni wadudu tu. Akanisimamisha kwa mbawakawa mmoja. Pembeni ya picha kuna vidole viwili, ukucha mmoja mweusi, ule Ekisa aligonga na nyundo akimjengea mama kibanda cha kuku.

Akagusa skrini. "Huyu ni wangu."

Nikamwonyesha vile picha hiyo ilitoka hapa kwa page, mbawakawa peke yake.

"Sasa Bwire," akaniuliza, "mbona ulikuwa unamkata?"

Nikasema ndio picha ikae safi, mama. Nilijisikia mwenyewe vile nimesema.

Mwenye picha ya uso wake, hata ya simu, hata kama ameangalia kando, tafadhali tuma inbox kabla ya saa kumi. Tukikosa, mama amesema tuweke hiyo ya vidole.

Nimeweka zote upya hapa chini, nzima, kama zilivyotoka kwa kamera. Niliangalia mdudu miaka sita, Ekisa, na wewe ulikuwa kwa kila picha.

Ulale salama, ndugu yangu.