Siku Niliyogeuka Mtego wa Nzi

Wacha nikiri mwenyewe, kabla mtu mwingine wa hapa Matinyani hajawasimulia na chumvi yake: nilitia chambo cha nzi kwenye mfuko wa shati, tena shati la kanisa.

Mimi ni mtu wa nyumbani (hata nikitumwa sabuni sokoni narudi kabla chai haijapoa), kwa hivyo kikundi chetu cha maembe kilipoamua ukaguzi uanzie kwangu nilifurahi, maana wageni wangenikuta papa hapa bila mimi kuvaa viatu. Sisi tunauza pamoja, boma kumi na mbili, lori moja, na shamba moja tu likipatikana na nzi wa matunda, wale wanaotaga ndani ya embe mpaka ukilikata unakuta funza wamejaa, lori haliji kwa yeyote. Kwangu nilikuwa na imani, maana kila embe lililoanguka nililizika.

Sasa asubuhi hiyo nikakumbuka mtego mmoja haukuwa na chambo, kile kipande cheupe kilicholowa dawa ambayo nzi dume akiinusa, hata akiwa kijiji cha mbali, anasahau kwao. Afisa wa kilimo alituonya tusikishike bila glavu. Glavu zilikuwa ndani ya nyumba, hatua kama ishirini hivi, nami nikaona ni mbali. Nikakitoa kwenye karatasi na vidole vyangu, na hapo hapo nikasikia pikipiki ya mkaguzi getini, nikakitumbukiza mfukoni nikakimbia kumsalimia kwa mkono. Mikono yote miwili, kwa heshima.

Tukaingia shambani, kikundi chote nyuma, nami nikaanza kujigamba.

"Hapa kwangu, bwana mkaguzi, nzi akipita anapita juu kwa juu."

Mmoja akatua mfukoni. Nikampiga kofi. Wakaja watatu, nikapangusa jasho usoni (kwa mkono ule ule), wakahamia usoni. Nikavua kofia kuwafukuza, kofia nayo ikapata wageni. Nikiangalia mkaguzi, wanne wanatembea kwenye kalamu yake.

"Mzee, hili shamba limejaa nzi," akasema akifunga daftari. "Siwezi kulipitisha."

Watu wakaniangalia kama mbuzi aliyekula mbegu. Mama Mwende, jirani yangu na ndiye mwenyekiti wa kikundi, akashika kichwa.

"Ngai wakwa, Mungu wangu! Baba Mutheu, umetuzika!"

Nilifikiria kunyamaza, nakubali, kwa sababu aibu ya nzi ni ya shamba lakini aibu ya mfuko ni ya mtu. Lakini nikaona mkaguzi anaenda kuwasha pikipiki, na lori la watu kumi na mbili linaondoka naye, basi nikatia mkono mfukoni nikakitoa kile chambo mbele ya wote.

Mkaguzi alikiangalia, akaangalia kiganja chake, akakinusa. Alicheka mpaka akaegemea mwembe.

"Na hao ni madume watupu, Baba Mutheu!" akadakia mama mmoja nyuma. "Wamekuja kukuposa!"

Tukaleta maji na sabuni, mkaguzi akanawa mara tatu, mimi nikaamriwa nikasimame kando ya barabara, mbali na miti. Nikiwa kule nikaona anakata embe baada ya embe kwa kisu, na kila likifunguka nanyosha shingo nione. Hakuna funza hata mmoja. Akaandika, akaenda shamba la pili, la tatu, yote yakapita, nami bado niko barabarani na mifugo yangu ya nzi.

Jioni walirudi kunipa habari kwamba lori litakuja. Nilifurahi hadi nikatoa hotuba pale pale, nikaapa mbele yao kwamba tangu leo glavu nitalala nazo, na chambo sitakigusa tena hata nikiwa na haraka ya kuzaliwa upya.

Mama Mwende alisimama mbali kidogo, akaziba pua kwa leso.

"Kiapo tumesikia, Baba Mutheu. Sasa enda uoge."