Kwa nini Duma wa Voi tulianza kufungwa na Punda Milia: nilichunguza, jibu likanipeleka jikoni kwa mama mkwe

Wakuu, nawasalimu kutoka Voi. Haya nitakayoeleza niliyaona mwenyewe, na pale nilipoambiwa nitasema niliambiwa. Majina nimebadilisha, kwa sababu bado naalikwa ukweni na ningependa kuendelea kualikwa.

Kwa wasiotujua, Duma wa Voi ilikuwa timu ya kuogopwa kaunti hii. Ukisikia tunakuja Taveta au Mwatate, watu walifunga maduka mapema, wengine kuja kutazama, wengine kukwepa aibu. Tulichukua kombe la kaunti. Wapinzani wetu wakubwa, Punda Milia kutoka upande wa Marungu, tulikuwa tunawafunga hadi tunawahurumia.

Baada ya lile kombe, mambo yakageuka. Vijana ni walewale, uwanja ni uleule, kocha ni yuleyule. Lakini Punda Milia wakaanza kutufunga, msimu baada ya msimu, na kila mara mabao yanaingia kipindi cha kwanza, wakati sisi bado ni kama tunatafuta mahali pa kuketi.

Kocha wetu ni Mwakio, ndugu wa mke wangu. Kazi yake ya kila siku ni kushona viti vya magari. Alicheza mpira mpaka goti likakataa, na tangu hapo ukocha ndio kitu pekee kinachomfanya aamke akiwa na haraka. Msimu huu kamati ikatangaza kwamba kutakuwa na mkutano kabla ya derby, yaani mechi yetu na Punda Milia, na ajenda ni moja: Mwakio aondoke au abaki.

Mimi sikusomea mpira wala kitu kingine chochote, shule niliiacha mapema. Lakini hupenda kujua kitu kinafanyaje kazi. Nimesoma juu ya pampu za maji, nyuki, na sheria zote za soka. Nikajiambia shemeji yangu hatafukuzwa kabla sijajua sababu.

Nilianza na formation, yaani mpangilio wa wachezaji uwanjani. Nilisoma sana, nikamshauri Mwakio abadilishe, aweke washambuliaji watatu. Alinisikiliza kwa heshima. Tulifungwa mabao mengi kuliko kawaida. Hiyo nikaifuta.

Mwenyekiti wetu, Bwana Njoroge mwenye duka la vifaa vya ujenzi, yeye alikuwa na jibu lake: tumerogwa, kuna kitu kimefukiwa golini. Nilimwambia siamini. Akasema uchawi hauhitaji imani yangu. Wakachimba usiku, wakapata mfupa wa mbwa, wakasherehekea. Tatizo ni kwamba hawakufukia shimo vizuri. Mechi iliyofuata, mpira aliorudishiwa kipa wetu uligonga pale, ukaruka juu ya mguu wake, ukaingia. Njoroge akasema, "Mmeona? Bado kuna kingine."

Jibu lilikuja bila mimi kulitafuta.

Hapa niwaeleze jambo. Zamani, Duma tulikuwa hatuna kitu. Vijana walikunywa chai nyumbani kwao, wakaja, wakacheza, na mechi ikiisha ndipo wanakula kwa Mama Wakesho. Mama Wakesho ndiye mama mzazi wa Mwakio na wa mke wangu, na nyumba yake iko nyuma ya uwanja. Tulipochukua kombe, akina mama wa mtaa wakasema ni aibu mabingwa kucheza na njaa. Wakahamisha chakula kikawa kabla ya mechi. Ilikuwa zawadi, na sote tulishangilia.

Chakula chenyewe ni kimanga. Mtu yeyote wa Taita anakijua: viazi vitamu, mihogo na maharagwe, vinapondwa pamoja mpaka mwiko unasimama wenyewe. Pembeni kuna kikombe cha maziwa lala, yale ya kuganda. Na kwa Mama Wakesho hubakishi. Anasimama nyuma yako. Ukibakisha anakuuliza kama unaumwa, ukisema huumwi anakuuliza ni nani aliyekuambia anapika vibaya.

Mimi siku za mechi nilikuwa sili huko, maana nilikuwa na kazi ya kupanga viti na kuchora mistari ya chokaa. Lakini Jumapili moja mshika kibendera hakuja, nikaombwa nishike mimi. Mama Wakesho aliposikia, akasema siwezi kukimbia na tumbo tupu. Nikala. Akaongeza. Nikala.

Wakuu, mpira ulipoanza nilijua kuna jambo. Mshambuliaji wa wageni akichomoka, mimi nilikuwa bado nafikiria kugeuka. Offside mbili nilizitoa kwa kukisia, nikiwa mbali kiasi kwamba mwamuzi aliniuliza kama nimekuja kwa mechi hii. Nikawatazama vijana wetu. Beki wa kulia alikuwa ameshika kiuno. Namba sita alikuwa anapumua kwa mdomo, macho mazito. Nikaona sura yangu katika sura zao.

Punda Milia hula baada ya mechi. Tulikuwa tunawacheka kwa hilo, tunawaita timu ya njaa.

Jioni ile nilimfuata Mwakio kwenye karakana yake.

"Shemeji," nikamwambia, "ni kimanga."

Aliendelea kushona. "Umechelewa," akasema. "Mimi nimejua tangu msimu wa kwanza baada ya kombe."

"Na ukanyamaza? Si watakufukuza?"

"Timu naweza kupata nyingine. Mama wa kunizaa nitampata wapi mwingine?" Akakata uzi kwa meno. "Lakini wewe ndiye msomi. Mwambie."

"Mimi ni mkwe."

"Haya. Umeona sasa kwa nini nilinyamaza."

Nyumbani nilimdokezea mke wangu. "Ukisema hilo mbele za watu," akasema, "usiniulize nimepika nini mpaka Krismasi."

Siku ya mkutano ukumbi wa kanisa ulijaa. Mama Wakesho alikuwa safu ya nyuma na wenzake. Njoroge akafungua kwa maombi, kisha akasema Mwakio ni mtu mzuri, na wote tukajua sentensi inakoelekea. Mwakio aliketi mikono magotini, kama mtu anayengoja kuitwa kwa daktari. Nikaona hatasema neno.

Nikasimama. Nilikuwa nimejipanga kusema kwa mzunguko. Nikaeleza kwamba damu ina kazi nyingi mwilini, na tumbo likijaa, damu huenda huko, miguu ikabaki inangoja. Watu wakanikodolea macho. Nikasema hata hapa kwetu, jirani na mbuga, mnawajua simba. Simba aliyeshiba hulala chini ya kichaka, na punda milia wanapita mbele yake wakila nyasi.

Kicheko kilianza upande wa vijana. Kisha kikakatika, maana sauti ya Mama Wakesho ilitoka nyuma.

"Baba Mghoi." Ndivyo anavyoniita, kwa jina la binti yangu. "Huyo simba wako alipikiwa na nani?"

"Mama, alipikiwa vizuri sana."

"Sikuuliza vipi. Nimeuliza na nani."

Mwakio akasimama. "Mama, kosa ni langu. Mimi ndiye kocha. Waniondoe tu, yaishe."

"Keti."

Akaketi. Mtu mzima, ana watoto watatu.

Mama Wakesho akamgeukia mwenyekiti. "Kwa hivyo mnataka kumfukuza mwanangu kwa sababu mimi nimewashibisha watoto wenu?"

"Hapana, mama," Njoroge akasema. "Sisi tulikuwa tunadhani ni uchawi."

"Uchawi wangu unaujua ukiomba sahani ya pili." Hapo ukumbi ulicheka wote, na Njoroge pia. Mama akangoja watulie. "Sawa. Vijana watakula baada ya mechi. Na mwanangu atasimamia hii derby. Akifungwa, mumwondoe, sitasema neno. Lakini sufuria yangu sipunguzi."

Hakuna aliyeuliza sufuria isiyopunguzwa itakwenda wapi. Hata mimi, mtu wa kuuliza kila kitu, sikuuliza.

Siku ya derby Punda Milia walifika mapema na lori lao. Mama Wakesho alikuwa langoni, leso mpya kiunoni.

"Karibuni, wanangu. Mnawe mikono."

Nahodha wao, kijana mwenye adabu, akasema, "Asante mama, lakini sisi hula baada ya mechi."

"Hiyo ni kwenu. Hapa mgeni hapiti mlangoni kwangu na njaa. Au umeambiwa napika vibaya?"

Kijana akawatazama wenzake. Wenzake wakatazama chini. Wakanawa mikono.

Mwakio alinivuta kando. "Shemeji, hii ni haki kweli?"

Nilizipitia sheria zote kichwani, ya kwanza hadi ya mwisho. Nikamwambia hakuna inayokataza kumlisha mpinzani. Akasema hakuuliza sheria. Wakati huo kipa wao alikuwa anaongezewa kimanga.

Kipindi cha kwanza tulifunga mawili. La pili beki wao alilisindikiza kwa macho tu, akiwa ameegemea mlingoti. Kipindi cha pili chakula kikawashuka, wakaamka, wakapata moja, na dakika za mwisho tulipiga mpira popote, hata kwenye paa la kanisa. Mwakio alikuwa amechuchumaa, hatazami. Filimbi ilipolia alibaki vilevile mpaka mama yake akaja kumwinua. Kamati haijazungumzia kumwondoa tena.

Vijana wetu walikula baada ya mechi. Nahodha wa Punda Milia naye alirudi na kopo, akaomba cha kumpelekea mama yake Marungu akionje. Mama Wakesho alimjazia, akafurahi sana. Mimi sikufurahi, maana niliyakumbuka marudiano.

Nilichojifunza: timu ikianza kuanguka, tazameni kwanza mliyoyabadilisha siku mlipokuwa mnashangilia. Na mtu akijua sababu, asingoje mpaka mkutano wa kumfukuza mwenzake. Maneno yale kwa Mama Wakesho hayakuniua. Alininyima nyama mara moja tu.

Sasa msaada wenu, wakuu. Jumapili ijayo ni marudiano, kwao Marungu. Nimeambiwa akina mama wa huko wamepanga kutupokea, na kwamba sufuria imeazimwa shuleni. Aliyewahi kukataa sahani ya mama wa watu bila kumvunjia heshima, aandike hapa chini alivyofanya. Mwakio anasoma pamoja nami.