Anayekatazwa Aende Wapi

Shangazi yangu, dada mkubwa wa baba, ni fundi wa mabango, na riziki yake imo katika kukataza. Usiegeshe gari. Usitupe taka. Ni marufuku kukojoa hapa. Shuleni sikukaa sana, na "marufuku" nilijua kuliandika kabla ya jina langu.

Ana desturi moja inayowachosha wateja. Kabla hajafungua kopo la rangi huuliza, "Na huyo anayekatazwa, aende wapi?" Jibu huliandika chini ya katazo kwa herufi ndogo: choo kiko nyuma, pipa liko kule kwenye kona. Husema kukataza bila kuelekeza ni kufukuza tu, na yeye hafukuzi watu.

Jumatatu moja alikuja mwenye jengo lililo mkabala na karakana yetu. Alitaka bango: Ni marufuku kukaa kwenye ngazi. Shangazi akanitazama, nami nikatazama chini. Kwenye ngazi zile hukaa mtu mmoja tu, kutwa nzima, na sindano zake na gundi: baba yangu, fundi viatu, mwaka wa tisa sasa.

"Aende wapi, bosi?"

"Nani?"

"Anayekaa."

"Fundi, nimekuja kuagiza bango, sikuja kuhojiwa."

"Basi nikuandikie 'Toka'. Fupi, halili rangi."

Bosi hakucheka. "Mafundi wamejaa tele," akasema, akaenda zake.

Baba alipopata habari alimjia juu. "Dada, si ungeandika tu! Wa kuandika hakosekani."

"Hakosekani. Ila si mimi."

Kweli, Jumatano bango lilikuwa ukutani, herufi zimelala upande kama walevi. Baba alilisoma polepole, akafunga sanduku lake. "Yaani hata kunifukuza kwenyewe wamelipua," akasema. Akavuka barabara akijichekesha, nami nikaona kabisa kwamba hajui anakokwenda.

Shangazi alikuwa mlangoni pa karakana, anasukuma makopo ya rangi kwa mguu, yote upande mmoja.

"We binti, lete ufagio."

Baba akasimama na sanduku begani. "Viatu vya watu vitanuka rangi, dada."

"Kwani vikija vinanuka waridi? Kaa hapo."

Akakaa. Mimi nikafagia kumzunguka.