Buibui la Mama na Mabawa ya Kunguru

Sisi tuliokua kabla nguo hazijatundikwa madukani zimeshashonwa tulifundishwa kungoja. Ulingoja kitambaa kinunuliwe, kirowekwe, kikauke, kikatwe, halafu ungoje tena cherehani ya mama imalize nguo za watu ndipo ifike yako. Mimi kungoja sikukuweza.

Nilikuwa na miaka minane skuli yetu ya wasichana ilipotayarisha mchezo wa kuigiza, watazamaji wakiwa mama zetu. Mwalimu alinichagua niwe kunguru. Kazi yangu ilikuwa kuruka mara moja na kulia mara tatu, lakini mimi nilijiona ndiye mchezo mzima. Wiki nzima nilipanda na kushuka ngazi za nyumba yetu ya Mji Mkongwe nikipiga mikono, "Kwaa! Kwaa!", mpaka kunguru wa kweli wakanijibu kutoka juu ya mabati.

"Kunguru mwoga hukimbiza bawa lake," kaka yangu Sudi akinitania. "Wewe hata hilo bawa huna."

Na kweli sikuwa nalo. Mama alikuwa amenunua kaniki, kitambaa cheusi cha mabawa, ila hakupata kuishona mpaka siku moja kabla ya mchezo, alipomaliza magauni ya harusi ya watu. Nilisimama nyuma ya bega lake. Chumba kilinuka mafuta ya cherehani, na kila mshono ukiisha nikauliza:

"Mama, bado?"

"Bado."

"Sasa je?"

"Wewe mtoto umekalia upupu? Hebu nenda kapepee pasi."

Pasi yetu ilikuwa ya mkaa. Kuipepea niliona kunachelewesha, basi niliishika mpini nikaizungusha hewani ili makaa yashike upesi, huku nikirudi nayo chumbani. Kifuniko kikafunguka. Makaa yakamwagika juu ya mabawa aliyokwisha kuyashona mama na kuyatandaza mkekani yangoje pasi, na aliporudi mbio na birika la maji, bawa moja na mgongo wote vilikuwa vimeshaungua.

Maduka yalikuwa yamefungwa, na mchezo ni kesho asubuhi. Nilijitupa chini nikalia. Mama hakunipiga. Alilitungua buibui lake ukutani, akalikunjua, akalipitisha mkasi katikati.

"Mama, hilo lako!"

"Nalijua. Simama wima nikupime. Usitikisike."

Nadhani ndiyo mara ya kwanza maishani nilitulia.

Asubuhi nilikuwa kunguru anayemeremeta, mabawa yangu yakifika magotini. "Tangulia, mwanangu," mama aliniambia, nami nikaruka ngazi mbili mbili. Kila mtu mjini alijua kwamba mwanamke hatoki nje bila buibui, na mimi nilijua kwamba mama alikuwa nalo moja tu. Lakini mambo hayo mawili sikuyaunganisha hata kidogo.

Ukumbini walikuwa wanawake peke yao, mabuibui yameteremshwa mabegani, asumini na udi vimejaa hewani. Niliruka jukwaani nikitafuta uso mmoja. Nililia mara ya kwanza huku nikipitisha macho safu za mbele. Nililia mara ya pili nikitazama za nyuma. Ya tatu haikutoka. Hapo ndipo nilipoliangalia bawa langu, nikaelewa.

Kisha jirani yetu Bi Zuwena akainuka kitini. "Lia, mwanangu! Mamako kanituma nikutazame badala yake!"

Ukumbi mzima ukacheka. Nami nikalia, tena kilio cha kweli, wakadhani naigiza, wakapiga makofi.

Nilikimbia mpaka nyumbani. Mama alikuwa nyuma ya mlango, ameuegesha, na sijui alisimama hapo tangu saa ngapi.

"Walikupigia makofi?"

"Wamepiga."

"Hebu nionyeshe."

Nikamchezea mchezo wote pale uani, sehemu yangu na za wenzangu, nikichanganya na kusahau, na mama kwenye ngazi akicheka huku akijifuta macho kwa pindo la kanga. Hakuvuka kizingiti mpaka alipopata buibui jingine, baada ya wiki tatu.

Watoto wa siku hizi hawana dhiki hiyo. Juzi mpwa wangu alirudisha gauni jipya dukani kwa sababu kifungo kimoja kilimchukiza, akarudi na jingine hata chai yake haijapoa. Nilimcheka, kisha nikaenda kulifungua kabati langu. Limejaa, halifungiki sawasawa. Nimezipekua nguo moja moja, nazipekua tena, na hamna hata moja iliyomfanya mtu abaki ndani ili mimi nitoke.