Mkanda wa Karani wa Stoo

"Sahani ya kunishinda mimi bado haijatengenezwa," karani wetu wa stoo alitangaza mwaka jana kwenye harusi ya binamu yake, kipaza sauti mkononi. Tangu apunguzwe tumbo kwa upasuaji hospitalini, anakula kwa kijiko cha mwanawe, anatafuna huku akitazama saa, na baada ya kijiko cha tano anafunika bakuli. Mlangoni bado anapita kwa ubavu. "Kaka, pita tu, hata kabati lilipita hapo," namwambia. Mkanda ni uleule. Kila mwezi anautoboa tundu jipya kwa msumari, na ncha ya mkanda sasa inamfika mgongoni. Juzi nilimuuliza kwa nini hanunui mwingine.

"Na nikirudi nilivyokuwa, mdogo wangu?"

Leo amekuja na mkanda mpya, mwembamba. Karatasi ya bei hajaing'oa, asije akahitaji kuurudisha dukani. Elfu nane.