Mate ya Kumponya Bonzo

Nilipokuwa mtoto pale mtaa wa Satellite, Nairobi, majirani walikuwa wakinificha vifaranga wao. Siku moja nilimsifu kuku wa mama wa jirani, kesho yake akafa, basi yakaisha: huyu msichana ana kithemengo. Jicho lake likitamani kitu, kitu hicho hudhurika, na dawa ni yeye mwenyewe akitemee mate. Cucu, bibi yangu aliyenilea, hakuyafanyia mzaha mambo hayo.

"Ukiona kizuri, kitemee mate mapema," aliniambia. "Usingoje."

Jumapili moja tukaenda Muthangari kwa shangazi. Binti yake Njeri alikuwa na kila kitu: chumba chake, baiskeli, na mbwa aitwaye Bonzo aliyelalia mto. Mto, jamani! Mimi na Cucu tulilala kitanda kimoja. Njeri akafungua chokoleti nyeusi ya kutoka Westlands, akaketi kwenye ngazi akimmegea Bonzo. Kipande kidogo kwake, kikubwa kwa mbwa. Nilisimama mbele yao nikingoja zamu yangu, na zamu haikuja. Nikaona wivu. Wivu wa mbwa!

Tukiwa mezani, Bonzo akaanza kutapika. Akawa anahema na kuzunguka sebuleni, miguu ikimtetemeka. Njeri akapiga mayowe.

"Ni yeye, Mami! Alikuwa anamwangalia tu! Ako na macho mbaya! Bonzo atakufa!"

Shangazi alikuwa ameshampigia daktari wa mifugo. Akageuka na simu sikioni. "Anasema chokoleti ni sumu kwa mbwa. Tusimpe maziwa, tusijaribu kumtapisha, tumpeleke sasa hivi." Akaanza kutafuta funguo za gari.

Cucu akanivuta mkono. "Mtemee mate, mjukuu wangu. Haraka!"

Nilidhani hofu imenikausha mdomo. Wapi! Mate yalikuwa tele, maana nilikuwa nikiyameza tangu karatasi ya chokoleti ilipochanwa. Nikamtemea Bonzo katikati ya macho, ptu, ndipo wakambeba.

Jioni akarudi amelegea, lakini mzima. Shangazi alimshukuru daktari, Cucu akayashukuru mate yangu. Na Njeri, pamoja na usomi wake wote, mpaka leo akijifungua huniletea mtoto nimtemee kidogo kwenye paji.

Siku hizi nami nafuga mbwa, na chokoleti naiweka juu kabatini. Mambo ya jicho siyaamini tena. Lakini nikiikumbuka Jumapili ile, roho bado inaniuma. Kwenye simu daktari aliuliza mbwa amekula vipande vingapi. Shangazi akamuuliza Njeri, naye akahesabu kwa vidole, akilia, akarudia kuhesabu asije akakosea. Nilikuwa nimesimama papo hapo kati yao, na hakuna hata mmoja aliyeniuliza mimi nilikula vingapi.