Mbuzi wa Linta

Siku yangu ya kwanza kazini serikalini, pale Embu, Msimamizi Mkuu wa Majengo alinikabidhi futi kamba na kunipeleka kwenye nyumba iliyokuwa ikijengwa. Mkandarasi alitaka malipo ya ukuta. Bosi akaupiga teke, matofali mawili yakaanguka. "Kijana," akaniambia, "hapa hatulipi hadithi. Tunalipa kilichosimama."

Ndivyo nilivyofanya kazi Embu, kisha Kiritiri, hadi nikastaafu. Malipo yalikwenda kwa hatua: msingi, ukuta, linta, paa. Hatua ilipimwa kwanza, ndipo hela ikatoka. Na mwisho tulishikilia sehemu kidogo mpaka nyumba inyeshewe msimu mzima, kwa sababu fundi akishalipwa yote hashiki simu. Jamani, hilo ni gumu? Kwa watu wetu ni gumu kuliko hesabu za chuo kikuu.

Sikilizeni ya dada yangu Wawira. Alistaafu ualimu, akachukua kiinua mgongo chake chote akaanza nyumba Siakago. Nilimwomba aniite kabla ya kulipa kila hatua. Akaniita kweli, lakini kwenye sherehe. Siku hizi mkanda wa zege ukishapita juu ya madirisha, ndiyo linta hiyo, mbuzi anachinjwa, pasta anaombea, na mwenye nyumba analipia paa palepale watu wakitazama. Safari hii mbuzi aliletwa na fundi mwenyewe, mtu anayeitwa Nyaga. Kwa kawaida mwenye nyumba ndiye anayechinja.

Nikaomba ngazi.

"Imerudi kwa mwenyewe, mzee," Nyaga akasema. "Kula nyama kwanza."

Nikapanda pipa, na magoti yangu haya. Upande wa lango, ncha za vyuma vinavyoshika linta zilionekana. Upande wa nyuma nilichimba kwa msumari, zege likamwagika kama unga, na ndani hakuna chuma hata kimoja. Nikamvuta Wawira kando nikamwambia asitume hata senti.

"Kaka, usiniaibishe mbele ya pasta," akanong'ona. "Mtu ameleta mbuzi yake. Nyinyi watu wa gava mnaona wezi kila mahali."

Akatoa simu, akatuma pesa ya paa. Wageni wakasema amina. Nilikasirika hata nyama sikuionja.

Nyaga alipata kazi ya haraka Ishiara na hajarudi. Mvua ilipokuja, ukuta wa nyuma ulipasuka kutoka dirishani hadi chini. Sasa Wawira anaishi kwangu, na watu bado wananiita kwenye sherehe za linta, wakitaka niombee chakula, si nipime.

Juzi Wawira alinipeleka Siakago nikampigie hesabu. Nikapima, nikamwambia gharama ya kubomoa na kujenga upya. Akaniuliza kama upande wa mbele unaweza kubaki.

"Upande huo utatoa chumba kimoja tu," nikasema.

"Kimoja kinanitosha, kaka."

Nilikuwa nimejiandaa kumgombeza. Lakini alikubali upesi mno, nikaacha na kukunja futi kamba.